Baba Mkwe Nyuma, Upepo Mbele

Kwa watu wa mume wangu, mkwe hamgusi mkwe. Nilipoolewa mtaani Katuba, mjini, nilifundishwa hilo kabla hata sijaonyeshwa jiko liko wapi. Usimpe baba mkwe kitu mkononi, kiweke mezani akichukue mwenyewe. Usikalie kiti alichotoka kukalia. Mkikutana kwenye mlango mwembamba, wewe ndiye unayerudi nyuma. Mimi ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, na kwetu pia tunaheshimiana, ila hatupimiani umbali. Nilizoea. Baba mkwe na mimi tuliishi ua mmoja kwa amani, tukisalimiana asubuhi na jioni kama majirani wema. Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mrefu, mwenye mabega mapana, Mkatoliki asiyekosa misa ya alfajiri, na maneno hakuyapenda.

Kazi yangu ni biashara ya jumla: mahindi, maharage, samaki wakavu. Mazao nayafuata mwenyewe vijijini kwa pikipiki, na nikishakubaliana na wakulima ndipo lori linakuja kupakia. Pikipiki yangu ni ile ya safari ndefu, yenye injini kubwa, tangi pana, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya chuma pembeni na keria nyuma. Naijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake wa maziwa. Najua inakunywa kiasi gani ikitunzwa, na inakunywa kiasi gani ikisumbuliwa.

Kiangazi kimoja, simu ilipigwa kutoka Lukafu. Dada mkubwa wa baba mkwe alikuwa amelala hoi, amekataa chakula, na neno alilokuwa akilirudia ni jina la huyu kaka yake. Mume wangu alikuwa kazini Kolwezi. Lori ambalo huwa linaenda upande ule lilikuwa limevunjika ekseli. Asubuhi yake nilimkuta baba mkwe ameketi uani, koti lake la zamani la reli amelivaa, viatu amevifunga, anasubiri lori ambalo kila mtu alijua haliji.

Nikamwambia, "Papa, mimi nitakufikisha."

Hakunitazama. "Na nini?"

"Na pikipiki."

"Mukwe anabeba mukwe namna gani?"

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na valizi yake ngumu, sanduku kubwa la safari za zamani.

"Tutaiweka mu katikati," akasema. "Weye mbele, valizi, na miye nyuma."

Nilikubali, kwa sababu nilitaka aende. Nikafanya kazi yangu ya kila safari. Nilitoa kichujio cha hewa nikakikung'uta vumbi, maana injini isiyopumua vizuri hula mafuta bure. Nikapaka mnyororo mafuta, nikaukaza kidogo. Magurudumu nilipima upepo wake, yakawa sawa kwa uzito wa watu wawili. Masanduku ya pembeni tuliyajaza chumvi, sukari na sabuni za mgonjwa na watu wanaomuuguza, na kwenye keria tukafunga mfuko wa mchele, kwa sababu baba mkwe hakukubali kwenda mikono mitupu. Ruashi, pembeni mwa mji, kwenye kituo cha mwisho ninachokiamini, nikajaza tangi mpaka shingoni. Kwa tangi kama lile mimi nafika Lukafu na kubakiwa na mafuta ya kutosha kuzunguka mashamba.

Tulipoyaacha nyuma malori ya mgodi na vumbi lake, nikaanza kuhisi kitu. Pikipiki ilikuwa nzito mkononi kuliko uzito wenyewe. Valizi ilikuwa imemsukuma baba mkwe nyuma kabisa, karibu akalie mchele, na kwa kuwa hakutaka hata kivuli chake kiniguse, alikaa wima kama yuko kwenye benchi ya kanisa. Upepo wa kiangazi ulitoka mbele, upande wa kulia. Kioo changu kilinikinga mimi tu. Yeye alitokeza juu yangu, kifua wazi, na lile koti likajaa upepo kama hema lililong'oka kigingi. Kila nilipotaka kushika mwendo wangu wa kawaida, injini ilidai zaidi. Nikapunguza gia, ikapiga kelele. Nikaongeza mafuta, upepo nao ukaongezeka. Mshale wa tangi ulikuwa unashuka mbele ya macho yangu.

Sikuogopa. Mbele kulikuwa na kijiji ambapo mama mmoja huuza mafuta kwenye chupa kando ya barabara, na mimi ni mteja wake. Lakini tulipofika, meza yake ilikuwa tupu.

"Lori haiyakuya," alisema mama yule; lori la kumletea mafuta lilikuwa halijafika. "Hata kwa dawa, hakuna."

Nikazima injini. Baba mkwe alishuka akanyoosha miguu. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikachungulia, nikatikisa pikipiki nisikie sauti ya kilichobaki. Kurudi mjini kulikuwa kunawezekana. Kama tungeenda mbele kwa mwendo ule tuliokuwa nao, tungesimama porini, mbali na Lukafu, na kuingia usiku tukiwa tunasukuma chuma. Kwenda mbele kwa namna nyingine kulikuwa kunawezekana pia. Namna hiyo niliijua, ila sikujua nitaisemaje.

"Papa, mafuta haitatosha."

"Kwani haukujaza?"

"Nilijaza. Upepo njo unaikula."

Akakunja uso. "Upepo inakula esanse namna gani?"

"Papa uliendesha treni. Ukisukuma kitu kipana mu upepo, injini inalia. Sasa siye tuko bapana. Valizi imekutuma nyuma, na uko wima, na koti imefunguka. Miye niko nyuma ya kioo, weye uko inje yake. Injini inavuta pikipiki, na tena inavuta weye mu upepo."

Alisikiliza kama mtu wa kazi anavyosikiliza mtu wa kazi. Hakubisha. Aliitazama pikipiki, akatazama kioo, akatazama mahali alipokuwa ameketi.

"Unataka nifanye nini?"

Yule mama muuza mafuta alikuwa amesimama palepale, anasikiliza kila neno. Nikasema nikitazama chini, "Valizi iende nyuma, ku keria. Muchele tuwache hapa kwa mama, nitaikamata wakati wa kurudia. Na Papa ukuye karibu, uiname nyuma yangu."

Aligeuka akaenda zake, taratibu, mpaka ng'ambo ya barabara. Nikamwona akitoa rozari mfukoni. Nilidhani nimevunja kitu ambacho hakitaungika. Lakini sikutaka kuyarudisha maneno yangu, maana yalikuwa kweli, na kule Lukafu mtu alikuwa anaita.

Aliporudi, alifungua valizi, akatoa kitenge kipya, cha buluu na njano, kilichokuwa bado na gundi ya dukani. Alikuwa amemnunulia dada yake. Alinipa. Hakukiweka chini nikiokote. Alinyoosha mkono akaniwekea kwenye mikono yangu.

"Kwetu, mukwe akitaka kufungua njia, anatoa zawadi," alisema. "Nimetoa. Huyu mama iko shahidi."

Mama muuza mafuta akapiga vigelegele peke yake, barabarani pale. Nikapiga goti kupokea. Nilijifunga kitenge kile kiunoni juu ya suruali.

Tuliacha mchele. Valizi tukailaza kwenye keria na kuikaza kwa mipira. Koti alilivua likaingia ndani ya valizi. Akakaa nyuma yangu, akashika mkanda wa jaketi langu kwa mikono miwili, akainama, na nilipoondoka nikasikia upepo umenyamaza. Uligawanyika kwenye kioo ukapita pembeni yetu sote wawili, na ile kelele ya mwanzo ikaisha.

Kuanzia hapo niliendesha kama mtu anayebeba mayai. Gia ya juu, mkono mtulivu, mwendo mmoja. Sikuharakisha kwenye tambarare ili nije nipige breki kwenye shimo, maana kila breki ni mafuta uliyokwisha kuyachoma. Kwenye miteremko niliacha uzito wetu wenyewe utushushe. Penye mchanga nilitafuta ukingo mgumu, kwa sababu gurudumu linalozama linaifanya injini ilime shamba. Malori hayakuwepo, watu wachache tu wenye baiskeli za makaa, wakitupungia mkono.

Na baba mkwe akaanza kuzungumza. Kinywa chake kilikuwa karibu na sikio langu, na nadhani kwa kuwa hakuniona uso, ilikuwa rahisi.

"Huyu dada njo alinikomesha, alinilea," alisema. "Mama yetu alikufa nikiwa mudogo sana. Yeye mwenyewe alikuwa angali mutoto. Alinibeba ku mugongo kwenda ku shamba, alinibeba kwenda kuchota mayi, hata nilikuwa mukubwa na miguu yangu inagusa chini, angali ananibeba. Bantu banamucheka. Yeye anasema, wacheni, huyu iko wangu."

"Papa hukuyasema haya siku zote hizi."

"Ningeyasemea wapi? Tunasalimiana tu."

Tulicheka wote wawili, na nikahisi kicheko chake mgongoni mwangu. Taa ya akiba ikawaka. Nilimwambia imewaka, na nikamwambia pia kwamba tutafika. Aliuliza, "Unajua?" Nikajibu, "Ninajua." Nilikuwa najua kweli: nilikuwa nimehesabu kichwani tangu kijijini, na pikipiki ilikuwa inanywa kwa adabu.

Tuliingia Lukafu jua likiwa bado juu ya miti. Dada mtu alikuwa kwenye mkeka, mdogo kama mtoto, macho makubwa. Kaka yake alipiga magoti akamshika mikono. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, sisi wengine tumesimama mlangoni tukiwa hatujui tutazame wapi. Kisha bibi yule akaniona, akaona pikipiki uani, akarudi kumtazama kaka yake.

"Nani amekuleta?"

"Mukwe."

"Ulikaa nyuma yake?"

"Nilikaa."

"Ulimushika?"

Baba mkwe, mtu wa maneno machache, akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima isikie, "Nilimushika. Upepo ilikuwa mingi."

Bibi akacheka. Kilikuwa kicheko cha pumzi tu, bila sauti, lakini mabega yalitikisika, na wanawake waliokuwa wanamuuguza wakashika vinywa. Jioni ile alikubali uji. Kaka yake alimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimkaripia kila alipogeuza uso.

Baba mkwe alibaki kule. Mimi nilinunua mafuta kidogo kwa mtu mwenye pikipiki, nikarudi kwenye biashara zangu, nikauchukua ule mfuko wa mchele njiani. Bibi aliishi mpaka mvua za kwanza. Kaka yake alikuwepo, ndiye aliyemfumba macho, na baada ya matanga akarudi kwa lori lililokuwa limeshatengenezwa.

Siku hizi hukaa uani ninaposafisha kichujio cha hewa, ananiuliza barabara ya Kasenga, ile inayoelekea upande wa Lukafu, iko vipi, anataka kujua nimetumia tangi kiasi gani mpaka kufika. Nikisema limebaki zaidi ya nusu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mume wangu akirudi kutoka Kolwezi anatukuta tunabishana habari za upepo wa magurudumu, anasimama mlangoni na mfuko wake begani, haamini, na baba yake anamwambia aingie, aache kuziba mwangaza, watu wako kazini.