Mume wa Kusemea Kesi

Mdogo wangu wa mwisho sokoni wanamwita Manyoya, kwa sababu amechinja kuku miaka mingi hata nyusi zake hazikosi unyoya. Wateja wapya humwogopa. Wa zamani humpelekea umbea makusudi wamsikie akicheka, cheko la kinywa chenye pengo mbele. Pengo hilo nalijua lilikotoka, maana mimi ndiye niliyemwosha damu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Msimamizi wa soko, yule aliyegawa meza, alimfuata chumba cha kunyonyolea mchana kweupe akakomea mlango. Manyoya alipigana. Alimmwagia sufuria la maji ya moto pajani. Mwanamume akambamiza uso kwenye ukingo wa meza ya saruji, meno mawili yakatoka, akambaka palepale sakafuni kwenye damu na utumbo. Wauza mboga nje walisikia makelele. Walidhani ni kuku.

Polisi walimkamata kirahisi, maana paja lilibabuka na kukimbia hawezi. Tukadhani yamekwisha. Kumbe sheria ya siku zile, iliyoandikwa na watu waliokwisha kuzikwa, ilimwachia mlango wa nyuma: mbakaji akikubali kumwoa aliyembaka, kesi inafutwa. Na binti asiyeolewa hakuulizwa. Aliulizwa baba yake.

Baba akakubali.

"Atakusitiri," alimwambia. "Nani mwingine atakutaka na kinywa hicho?"

"Baba, aliyening'oa meno ni yeye!"

"Basi atakupikia uji."

Baba mdogo akacheka. Manyoya akamtupia kigoda cha kichwa. Wakampiga wote wawili, huyu kwa mkanda, huyu kwa mateke, mpaka akajikojolea. Nilijitia kati, nikapata langu ubavuni. Nikikohoa bado nalisikia.

Asubuhi nilimfuata askari wa kike aliyeandika maelezo ya kesi. Nikamuuliza, "Na kama ameshaolewa na mtu mwingine?"

Akafunga mlango kwanza. "Hapo baba hana kauli, dada. Kauli ni ya mume."

Nilimpelekea Manyoya habari hiyo, naye hakungoja ushauri wangu. Alikwenda sokoni na uso wake ulivyovimba, akasimama mbele ya mnoa visu, mtu mpole aliyefiwa na mke.

"Una mtu nyumbani?"

"Sina. Unajua sina."

"Nioe kesho."

Gurudumu likawa linazunguka bila kisu. "Manyoya, mimi mtu mzima. Nina pumu."

"Sikukuuliza afya. Unanioa, au nikamwone mshona viatu?"

"Mshona viatu mlevi yule," akasema. "Heri mimi."

Waliandikishwa ofisi ya serikali, mimi na mume wangu mashahidi. Mwandikishaji alikuwa mteja wake wa kuku, akakubali kuwaandikisha bila kutangaza ndoa kwanza.

Jua halijageuka, habari zikavuja, baba mdogo akafika na ndugu za msimamizi. Walivunja mlango wa mnoa visu, wakamvuta nje, wakamvunja mkono kwa nondo. Nilisikia mfupa ukilia. Manyoya akatoka na kisu cha kazi. Akamchana baba mdogo toka bega hadi kiwiko.

"Kuku nawashika mabawa kwanza, baba mdogo. Wewe njoo hivyohivyo."

Wakakimbia wakidondosha damu uchochoro mzima.

Mahakamani baba alisimama kusema amesamehe. Manyoya akainua cheti cha ndoa. Hakimu akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Mzee, keti. Mume aseme."

Mnoa visu akainuka, mkono umefungwa shingoni. Wakili wa msimamizi akamwinamia: "Sema umesamehe, mkono utatibiwa hospitali nzuri." Sote tulimsikia. Manyoya alimtazama mume wake kama anayemtazama mtu asiyemjua, na kweli alikuwa hamjui.

"Chumbani mimi sikuwemo," akasema. "Mwulizeni mke wangu."

Basi Manyoya akasema. Kila wakili alipomkatiza, alirudi kuanzia mlangoni, pale komeo lilipoanguka, mpaka wakili mwenyewe akachoka kuusikia mlango ule. Msimamizi akafungwa. Aliposhushwa kizimbani alimrukia mdogo wangu, askari wakamlaza kwa virungu miguuni petu, damu ikarukia viatu vyangu. Manyoya hakusogea.

Kisha hakimu akasoma sababu. Adhabu ilikuwa kali, alisema, kwa kuwa heshima ya mume imevunjwa.

Mume wa juzi!

Manyoya akasimama. "Mheshimiwa, kwani alibakwa nani?"

"Keti."

"Nauliza. Alibakwa nani?"

Hakimu akaamuru atolewe. Askari wawili walimkokota, kanga ikamvuka begani. Aliuliza tena mlangoni, akauliza tena kwenye ngazi, na watu waliokuja kwa kesi zao za mipaka wakageuka kumtazama. Mnoa visu akaokota kanga kwa mkono wake mzima, akamfuata nje.