Kadi Arobaini Kwenye Kopo la Biskuti

Ofisini walimwita Mama Chai, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza jina lingine. Kikombe cha kila mtu alikijua. Cha mhasibu kilikuwa kimekatika mkono. Cha mwanasheria usikiguse, alikiosha mwenyewe, hakumwamini mtu.

Halafu watu wakaanza kufanyia kazi nyumbani. Mmoja leo, wawili kesho, mpaka ghorofa ya nne nzima akabaki yeye na friji linalokoroma.

Wakubwa wakatoa amri: kila mfanyakazi agusishe kadi mlangoni siku tatu kwa wiki. Watu wasipofika, ghorofa inarudishwa kwa mwenye jengo. Mhasibu akapiga simu.

"Mama yangu, mimi na foleni ile tena? Nakuletea kadi, wewe unanigusishia tu."

"Mwanangu, nikikamatwa?"

"Akukamate nani, na hakuna mtu? Ghorofa ikirudishwa, hiyo chai utampikia nani?"

Hapo ndipo alipomshika. Nyumbani alikuwa na mzee wake, fundi wa kuchomelea, aliyeangukiwa na geti la chuma mgongoni, na sasa ni mtu wa kitanda. Kibarua kikiota nyasi, wameisha wote wawili. Akaipokea kadi. Habari zikasambaa, na kufika mwisho wa mwezi kadi zilikuwa arobaini, kwenye kopo la biskuti.

Asubuhi tatu kila wiki alisimama mlangoni, tii, tii, tii. "Na wewe leo umechelewa," anaiambia kadi ya mwanasheria. Mzee naye hakumwacha: "Mke wangu siku hizi ni watu arobaini. Ndiyo maana unakoroma vile."

Miezi mitano ikapita hivyo. Jumatano moja mkurugenzi akaja bila taarifa. Akazitazama meza, zinang'aa, tupu. Akatazama simu yake, inasema watu arobaini wako ndani. Akamtazama Mama Chai na kopo lake.

Mama Chai akaliweka kopo mezani. "Bosi, nisamehe. Ni mimi."

Bora angefoka. Alivuta kiti, akakaa, akauliza taratibu.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Hajaja hata mmoja?"

"Mhasibu alikuja mara moja. Alisahau chaja."

Mkurugenzi akacheka kidogo, peke yake. "Na miezi yote hiyo kazi haijalala hata siku moja. Mimi nilikuwa nabishana na wenzangu, nasema bila ofisi tutakwama. Kumbe jibu unalo wewe, kwenye kopo."

Wiki ileile ghorofa ikarudishwa. Wale arobaini wakaambiwa wabaki nyumbani moja kwa moja, na kazi zao. Barua ya kuachishwa ilitoka moja tu.

Simu yake ikaanza kuingiza meseji. Akadhani ni pole. Mwanasheria: "Mama, kadi yangu iko wapi? Zinatakiwa zirudishwe." Mhasibu: "Na yangu, Mama. Mwachie mlinzi."

Akamwachia mlinzi kopo zima. Vikombe hakuna aliyeviulizia. Akavipanga kwenye boksi, akaenda navyo nyumbani.

Mzee akainua shingo kitandani. "Vyote hivyo vya nini? Tuko wawili."

"Sikujua pa kuviacha."

Akateka maji, akaanza kuviosha kimoja kimoja, na vilikuwa safi tayari. Alipofika kwenye cha mwanasheria, akakiruka.