Taiti ya Fulana Mbili

Enzi zetu sie tuliokulia Temeke, taiti haikuwa nguo ya kununua. Ilishonwa nyumbani, nyeusi tii, nzito, isiyoonyesha hata kovu la goti. Yangu niliivaa chini ya sare ya shule, nikaivaa chuoni kusoma Kurani, nikaivaa kwenye foleni ya sukari mbele ya duka la ushirika. Vijana wa leo wanaivaa na kuiita fasheni. Sawa, ila wajue tumewatangulia.

Chanzo chake ni halaiki. Mwaka ule shule yetu ilichaguliwa kucheza halaiki sikukuu ya Uhuru, na mwalimu akaniweka juu kabisa ya piramidi kwa sababu nilikuwa mwepesi na sina woga. Sare ilikuwa fulana ya kijani na bukta fupi. Baba yangu, mtu wa Kilwa, alikuwa mpakia mizigo bandarini Kurasini. Aliposikia neno bukta aliweka kikombe cha chai chini.

"Binti yangu hapandi juu ya watu mapaja nje. Haipo hiyo."

Nililia mpaka nikasusa kande, na kwa kande mie huniambii kitu. Mwalimu alikwisha kusema kwamba asiye na ruhusa ya mzazi, nafasi yake atapewa mwingine.

Mama hakubishana na mumewe. Alichukua fulana ya baba ya kazini, ya pamba, iliyochakaa shingoni, akaikata, akashona miguu miwili kwa mkono, akaichemsha kwenye sufuria mbovu kwa rangi nyeusi na chumvi. Ilipokauka akampelekea.

Baba aliingiza mkono ndani ya mguu mmoja, akauinua mlangoni penye jua na kuutanua. Vidole vyake vikaonekana.

"Naviona," alisema, akatoka nje.

Nikajua ndiyo basi tena. Kumbe alikwenda uani kwenye kamba ya nguo. Alirudi na fulana yake ya pili, ile nzima aliyokuwa akiiringia kwa wenzake, akamwekea mama mapajani.

"Itie na hii kwa ndani, Mama Zuhura. Mtoto asije akakosa."

Alipoijaribu tena kwenye mwanga hakuona kitu. Mwalimu alinung'unika kidogo kwamba nitaharibu sare, lakini angempata wapi mwepesi mwingine?

Siku ya Uhuru, na jua lile la Desemba, nilipanda juu ya migongo ya wenzangu na taiti yangu ya tabaka mbili. Jasho lilinitoka, rangi ikatiririka mpaka visiginoni, na msichana niliyemkanyaga alirudi kwao na nyayo zangu nyeusi mgongoni. Nilinyoosha mikono nikasimama wima, uwanja mzima ukapiga makofi. Mama alinisimulia kwamba baba alimwambia kila aliyekaa karibu naye: "Yule wa juu kabisa, mwenye miguu myeusi, wangu yule!" Nikikumbuka hivyo mpaka leo kifua kinanijaa.

Siku hizi taiti zimetundikwa kila kona ya mji, za kila rangi. Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Mwenge na mpya.

"Bibi, hii ndo habari ya mjini. Nyie zamani si mlikuwa mnajifunga kanga tu?"

Nilicheka. Nikaipokea, nikaingiza mkono ndani, nikaipeleka mlangoni. Niliviona vidole vyangu vyote, na pete, na mikunjo ya uzee.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

Nilikuwa namkumbuka baba, wakati ule wa mazoezi, akibeba magunia mgongo wazi kwa sababu fulana zake zote mbili nilikuwa nimezivaa mimi. Jioni alirudi mabega yamechubuka, na kabla hajaomba maji alikuwa ananiuliza, "Haya mwanangu, leo umesimama juu?"