Nilimtoa Mwanangu Kwenye Gari la Shule, Nikaacha Watoto wa Wenzangu

Admin, ficha jina langu na la garaji, maana hapa Kigali tunajuana. Nina miaka ishirini na sita, naishi Busanza na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa ana miaka mitano, mdogo bado ananyonya, kwa hiyo nikiandika ovyo nisameheni, usingizi wangu ni wa vipande vipande. Shule sikwenda mbali. Nilisomea umeme wa magari. Kazi yangu ni kuchomeka mashine kwenye gari, kusoma kompyuta yake inalalamikia nini, halafu kutafuta waya wenye tatizo.

Mwenye garaji tunamwita Mzee. Ndiye aliyenipa kazi nikiwa na mimba ya kwanza, garaji nyingine zikinicheka. Ndiye aliyeusemea ukoo wa mume wangu siku walipokuja kuniposa kwetu, na ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu mkubwa. Mume wangu naye anapiga rangi hapo hapo. Nawaambia haya mjue kwa nini mdomo wangu umekuwa mzito.

Wiki tatu zilizopita ililetwa minibasi ya dizeli inayobeba watoto wa shule, ile ile aliyokuwa akipanda mwanangu. Taa ya injini inawaka, mlimani haina nguvu, na kesho yake inatakiwa kwenye kontrole, pale wanapopima moshi. Nikachomeka mashine. Ikasema kompyuta ya injini haipati mawasiliano na sensa ya moshi iliyo kwenye ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Mwingine angeagiza sensa mpya. Mimi nilizima gari nikapima zile nyaya mbili za mawasiliano. Zikiwa nzima zinasoma omu sitini. Nikapata mia na ishirini, maana yake zimekatika mahali. Nikaingia chini kuzifuata kwa mkono.

Katikati ya gari nikakuta plastiki ya nyaya imeyeyuka, na juu yake sakafu nyeusi kwa masizi. Bomba la ekzosi limepasuka kwenye kiungo, chini kabisa ya viti vya nyuma. Moshi wa moto ndio uliokula nyaya. Nikagusa sakafu, ina kutu, kidole kikapita mpaka ndani ya gari.

Nikamwita Mzee. Akainama, akaangalia. Akasema bomba na sakafu ni kazi ya siku tatu, shule haina gari lingine, itafanyika likizo. Kisha akaleta kisanduku kidogo ambacho mafundi wanakijua. Ukikifunga kwenye nyaya, kinaiambia kompyuta muda wote kwamba sensa ipo na moshi ni safi.

"Funga, mwanangu," akasema. "Mimi niko hapa."

Nikafunga. Taa ikazima, nguvu ikarudi. Kontrole ikapita, na mimi najua kwa nini: nyuma moshi ni kidogo kwa sababu mwingi unavujia kwenye ule mpasuko, chini ya viti. Lile gari lilikuwa linalalamika. Sasa halitalalamika tena, hata liharibike vipi.

Jumatatu yake nikamtoa mwanangu. Nilisema gari linamtapisha. Kila asubuhi namfunga mdogo mgongoni, namshika mkubwa mkono, tunatembea dakika arobaini. Minibasi inatupita, wenzake wanampungia.

Jirani yangu Mama Keza ana binti wa miaka sita. Keza hushuka wa mwisho, kwa hiyo wanamkalisha kiti cha nyuma kabisa. Wiki iliyopita mama yake alinisimamisha dukani. Kwanza alinitania kwamba nimekuwa mwanamichezo, natembea kuliko mbuzi. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia Keza siku hizi anarudi kichwa kinamuuma, sweta inanuka moshi, siku nyingine dereva anambeba kumshusha kwa jinsi alivyolala.

"Sha, rafiki yangu, ni wewe ulitengeneza ile gari. Iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa, Mama Keza. Mpeleke apimwe malaria."

Alimpeleka. Malaria hakuna. Akanishukuru hata hivyo, akaniletea viazi vitamu. Nilivipika, watoto wakala, mimi sikuweza.

Nilimweleza mume wangu. Akasema nikifungua mdomo Mzee amekwisha na sisi tumekwisha, tena saini iliyo kwenye karatasi ya kazi ni yangu, si ya Mzee. Nikamrudia Mzee kwa heshima, nikamwomba angalau tuzibe bomba Jumamosi. Hakukasirika. Aliniuliza mwanawe wa ubatizo anaendeleaje, mbona siku hizi hamwoni kwenye gari la shule. Akaniangalia muda mrefu. Akachukua kofia yake akaenda kuhudumia mteja, bomba likabaki vile vile.

Jana shule imetuma ujumbe. Ijumaa watoto wanakwenda matembezi Huye, karibu masaa matatu kwenda na matatu kurudi, na kwa sababu ya mvua wavae sweta, madirisha yatafungwa. Mama Keza ameshamwandikisha binti yake. Leo ni Jumatano.

Msiniambie nisali, nasali. Msiniambie nisubiri likizo. Niambieni nianzie wapi: kwa mwalimu mkuu, kwa polisi, au mlangoni kwa Mama Keza nimwangalie machoni niseme nilikudanganya? Au Ijumaa alfajiri niende na koleo nikate kile kisanduku, taa iwake, gari lianze kulalamika upya mbele ya wazazi wote? Nikifanya hivyo wataita fundi, na fundi watakayemwita ni Mzee.

Nishaurini, nifanye nini. Lakini unayejibu, jibu kama mzazi ambaye mtoto wake bado anakaa kiti cha nyuma.