Droo ya Chini

Friji ya dada yangu ilikaa sebuleni, si jikoni, ili kila mgeni aione. Juu ilivikwa kitambaa cha kufuma, na mlangoni ilibaki na nailoni ya dukani, imekunjamana na kuwa njano. Shemeji aliinunua mwaka ambao duara lao, shimo lao la kuchimba pale Nyakunguru, lilikutana na mwamba wenye dhahabu. Nilipofika likizo kutoka chuoni niliuliza kwa nini wanunue friji mahali ambapo umeme unakatika kila mvua inaponyesha. Dada alicheka.

"Umeme ukikatika si inabaki kabati?"

Kabati la kuozesha, labda.

Niliamua kuiosha kwa sababu ya mtoto wake. Alikuwa hajaanza hata kutambaa, na maziwa yake ya ng'ombe yaliwekwa humo kwenye jagi lisilo na kifuniko. Anaharisha, anapona, anaharisha tena. Dada alisema ni meno. Kwa mtoto wa umri ule kila ugonjwa ni meno. Siku hiyo nilifungua mlango nichukue jagi, harufu ikanishika kooni, ikakaa juu ya ulimi kama vile nimeilamba.

"Dada, humu kuna maiti?"

"Kuna nyama ya jirani, ya sherehe ya mahari. Aliomba nimtunzie."

"Lini?"

Akafikiri. "Kabla ya palizi."

Nilichomoa waya, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikaanzia juu. Nyama ilikuwa imeganda na kuyeyuka mara nyingi hadi ikawa ya kijivu yenye ukijani, na damu yake imeteremka ukutani kwa michirizi mpaka chini. Kulikuwa na dagaa wanaoelea katika maji yao wenyewe. Ugali umeota manyoya. Nyanya moja niliishika ikabaki ngozi, ndani yote ikanimwagikia kiganjani. Kwenye mikunjo ya mpira wa mlango mende walikuwa wametaga. Nilipopitisha kijiti, mayai yalitoka pamoja na uteute mweusi, nami nikakimbilia nje kutema mate. Tunaambiwa baridi hutunza chakula. Nani alikwenda kuhakikisha? Mimi niliona inatunza uvivu wa kutupa.

Nilipoishika droo ya mboga, dada alisimama.

"Hiyo iache. Ni ya shemeji yako. Alisema isiguswe."

Nikaivuta. Hapakuwa na jani hata moja. Kulikuwa na chupa ya soda, nzito kupita kiasi, na kitambaa kilichofungwa fundo. Niliinua chupa na kitu cheupe kama bati kikacheza ndani. Zebaki. Wachimbaji huimwaga kwenye mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha hukamua mchanganyiko ule kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe nilikitambua. Kilikuwa kipande cha khanga, na kipande kilichobaki dada alikuwa amembebea mtoto mgongoni. Chini ya droo vipunje vinavyong'aa vilikimbizana, vikaungana, vikajibana pembeni, penye utando wa maziwa yaliyovuja kutoka rafu ya juu.

Shemeji alirudi mchana, tope mpaka magotini, akakuta vyakula vimetandazwa uani.

"Msomi, umetufungulia gulio?"

"Shemeji, hii ni sumu. Inakaaje na maziwa ya mtoto?"

"Yenyewe ina kifuniko. Maziwa ndiyo hayana."

"Kwa nini kwenye friji?"

"Joto linaipunguza. Muulize yeyote kule tunakooshea mchanga."

"Ikipungua inakwenda wapi?"

Akajikuna shingo. "Hewani."

"Na hiyo hewa anaivuta nani?"

"Mimi! Miaka yote hii, na bado nakushinda kula." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hata hiyo simu yako imetoka kwenye chupa hiyo. Chupa ilipokuwa inakusomesha, mbona haikuwa sumu?"

Nilikuwa naelewa jinsi zebaki inavyomuingia mtu mwilini, lakini simu niliisukuma ndani zaidi mfukoni.

Dada alichukua jagi, akatoka, akayamwaga maziwa yote chini ya mgomba. Kuku walikuja mbio. Akawafukuza kwa kandambili, akachota udongo kwa jembe na kufukia mpaka weupe ukapotea. Kisha akaifungua ile khanga, akampakata mtoto mikononi, bila mbeleko.

"Itoe chupa yako," alimwambia mumewe.

"Niipeleke wapi? Stoo wataiba."

"Basi friji ni yako. Maziwa ya mwanangu hayaingii tena."

Nilimalizia kazi. Vile vipunje nilivisogeza kwa karatasi mbili hadi ndani ya kopo, na shemeji akalipokea kwa furaha: "Kumbe umeniokotea!" Nikasugua kwa sabuni ya unga, nikarudia kwa limau, nikabandua na ile nailoni ya njano. Friji ikawa nyeupe kama siku iliyoshushwa garini. Ndipo shemeji akaja na chupa yake, na kopo, na kitambaa chake chenye fundo, akavipanga rafu ya juu, pale pale lilipokaa jagi. Akafunga mlango taratibu, akachomeka waya. Vidole vyangu bado vilinuka mende.

Jioni jirani alipita kuulizia nyama yake. Aliambiwa yaliyoipata, akaguna, lakini macho yalikuwa kwenye friji.

"Inang'aa kweli! Nipeni basi hata maji ya baridi."

Dada akaenda jikoni, akamletea ya mtungini.