Kapteni Orvan na Fundi Aliyeachwa

Enzi zetu pale Ruring'u, Jumamosi ilinukia sabuni ya kipande. Mama Gathoni, jirani yetu, ndiye peke yake aliyekuwa na televisheni, na hakukubali mtoto akanyage sebule yake na matope. Kwa hiyo alasiri tulipanga foleni kwenye karai nje ya mlango wake, tukisugua miguu kwa maji baridi huku ukungu wa Julai ukishuka na kuumeza uwanja wa michezo. Ndani tulibanana kwenye zulia, tukinuka moshi wa kuni na viazi vya kuchoma tulivyoficha mifukoni. Mama Gathoni alifungua milango ya kabati, akaondoa kitambaa cha kufuma, na picha ikaja polepole, ya kijivu, imejaa chenga.

Watoto wa siku hizi hutazama filamu wakiwa wamelala chali, simu juu ya kifua, na bado wananung'unika ati intaneti inakawia. Sisi tulingoja wiki nzima.

Tuliyemngoja ni Kapteni Orvan. Alizunguka nyota hadi nyota ndani ya chombo kilichofanana na pipa la maji, akiokoa watu wa sayari zinazoungua. Alikuwa na wenzake wawili: daktari mmoja mzee aliyependa kulalamika, na Lenna, fundi wa mitambo, msichana mwembamba mwenye mafuta mikononi. Walizungumza Kiingereza cha puani ambacho wengi wetu hatukukielewa, basi kaka yangu Ndirangu alitufasiria kwa kunong'ona.

Ndirangu alikuwa mkubwa wangu, na moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu homa aliyoipata akiwa mdogo. Hakuweza kukimbia. Tukipanda kilima kutoka mtoni alisimama kila mara, midomo imebadilika rangi, akijifanya anatazama ndege. Tulipocheza Kapteni Orvan ndani ya lori bovu nyuma ya nyumba, wavulana waligombania kuwa Kapteni. Yeye alisema atakuwa Lenna. Walimcheka.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Nyinyi mkishuka kupigana, nani atawasha gari mrudi nyumbani?"

Mimi nilikuwa upande wa Kapteni. Nilipenda alivyosimama mlangoni, koti linapepea, akiapa kwamba hamwachi mtu nyuma.

Kisha ikaja Jumamosi ya sayari ya barafu. Chombo kilikuwa kinazama kwenye theluji na mlango ulikataa kufungwa kutoka ndani. Lenna akaruka nje, akausukuma kwa bega mpaka ukafungika, na chombo kikapaa bila yeye. Tulilia, zulia zima. Hata Mama Gathoni aliacha kusuka kiondo chake.

"Atamrudia," nilimwambia Ndirangu tukienda nyumbani. "Si aliapa?"

"Lazima amrudie," alisema.

Wiki iliyofuata tulinawa miguu haraka haraka, wengine bila sabuni. Muziki ukapigwa. Kwenye kiti cha Lenna alikuwa ameketi msichana mwingine, nywele zake nyeupe, anacheka. Daktari alimtania. Kapteni alimwonyesha vitufe vya kubonyeza. Tulingoja waseme jina la Lenna. Hawakulisema, wala siku ile wala baadaye.

Ndirangu alisimama. Gathoni, binti wa mwenye nyumba, akamwambia, "Keti, unatuziba!" Yeye akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta kwenye lori, anahema.

"Hiyo ni sinema tu," nilisema.

"Najua ni sinema. Lakini wangemtaja, hata mara moja. Mtu anaketi kwa kiti yake na hakuna mwenye anashtuka? Huyu Kapteni si shujaa, Wamuyu. Ni dereva tu."

Hakwenda tena kwa Mama Gathoni. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, miguu yake ilivimba, na Baba alimpeleka hospitali kwa pikapu ya jirani mmoja aliyeleta maziwa kutoka Mweiga. Sisi watoto tulizuiwa kuingia wodini. Nilimwona kupitia dirisha, ameegemea mito mingi, akanipungia mkono. Alifariki kabla ya Krismasi.

Baada ya mazishi, wamama wa kanisa walituonya tusilitaje jina lake mbele ya Mami, mama yetu, asije akavunjika moyo zaidi. Tulitii. Nguo zake zikaondolewa. Shule zilipofunguliwa, binamu yetu Kariuki alikuja kutoka Nanyuki kusomea kwetu, akapewa kitanda cha kaka yangu. Kariuki alikuwa mtoto mchangamfu, na hakuwa na kosa lolote. Jioni yake ya kwanza aliketi pale mezani alipozoea kuketi Ndirangu, akasema jambo la kuchekesha, na sote tukacheka.

Niliweka kijiko chini.

"Hapo ni kwa Ndirangu," nilisema.

Baba alinikazia macho. Kariuki akaanza kuinuka, uso umemshuka. Lakini Mami alimshika mkono.

"Kaa, mwanangu. Wewe kaa. Ni vizuri tu ujue ni kwa nani." Akamsogezea sahani. "Alikuwa hapendi kabichi. Alikuwa anaificha chini ya sahani, akidhani mimi sioni."

Kisha akalia, nasi tukalia naye, Baba pia. Tulizungumza habari za Ndirangu mpaka githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikapoa, na Kariuki akauliza maswali mengi, kila swali likajibiwa.

Mami hayupo tena. Lile lori liliuzwa kama vyuma chakavu, na mahali pa nyumba yetu pamejengwa ghorofa za kupangisha. Wanangu huwa na mashujaa wapya kila mwezi. Wanamaliza msururu mzima wa vipindi kwa siku mbili, na mhusika akiachwa njiani wanabonyeza kinachofuata kabla machozi hayajapata nafasi. Wananiambia hata Kapteni Orvan anaweza kupatikana huko kwenye simu, ati nimtafute nijifurahishe. Sijamtafuta. Wao wana mashujaa wengi na hawajawahi kumkasirikia hata mmoja. Sisi tulikuwa na mmoja tu, wa kijivu, na mpaka leo sijamsamehe.