Jivu la Koko

Nilipokuwa bado msichana wa kutumwa maji, enzi za Wabelgiji, Kindu tulikuwa na sikukuu ya ng'ombe wa kazi. Ilifanyika kila mwaka mpunga ukishavunwa. Ng'ombe waliokuwa wakivuta mikokoteni ya magunia walioshwa mtoni, pembe zao zikapakwa mawese, kisha wakapitishwa mbele ya agronomo, Mzungu wa kilimo, naye akachagua mmoja wa kuvikwa maua.

Baba alikuwa mwendesha mkokoteni. Ng'ombe wake tulimwita Kapita, yaani mnyapara, kwa jinsi alivyopenda kutangulia wenzake.

Kwetu, mnyama akisifiwa mbele ya watu hupakwa jivu kwenye paji la uso, ili sifa zisimdhuru. Watoto wazuri nao walipakwa. Mimi sikupakwa mara nyingi.

Mwaka huo alichaguliwa Kapita. Agronomo alimpigapiga shingoni, akamsifu kwa Kifaransa, watu wakapiga makofi. Ndipo Koko, mama yake baba, akapenya katikati ya umati na jivu kiganjani, akampaka Kapita usoni, na maua yakachafuka. Agronomo akacheka. Watu nao wakacheka.

"Mama, unanipatisha haya mbele ya bazungu," baba alisema. "Rudia nyumbani."

"Bamemusifu sana, mutoto wangu. Uliache tu mupaka jua lizame."

Baba akalifuta lile jivu kwa mkono wa shati lake jipya, hadi chembe ya mwisho.

Nilirudi nyumbani nimemshika Koko mkono, kiganja chake bado cha kijivu. Niliona haya kwa alichofanya baba, na sikujua niipeleke wapi haya hiyo.

Kabla ya mpunga mwingine kupandwa, Kapita alikonda, akalala, hakuamka tena. Leo najua habari za mbung'o na ugonjwa wanaoueneza. Lakini wakati ule, mtaani kwetu Mikelenge, hakuna aliyetaja mbung'o. Walisema Koko alikasirishwa, akamuua.

"Muchawi njo yule," jirani yetu alisema kisimani, nami nimesimama pale na ndoo yangu.

Neno moja la baba lingetosha: kwamba mama yake alitaka kumkinga yule ng'ombe, na aliyefuta jivu ni yeye. Nililisubiri neno hilo kila jioni. Baba alikula, akalala. Mwishowe Koko alikunja mkeka wake ahamie kwa kaka yake, kule mji wa Kibombo, na baba akambebea mzigo mpaka kwenye treni. Hata hapo hakulisema.

Sikukuu iliyofuata, baba alikuja na ng'ombe mwingine, ambaye hata hakuchaguliwa. Alifungua jani alilofungia jivu mbele ya wote, akalichota, akampaka. Niliwatazama waliocheka mwaka uliopita. Hakuna aliyecheka. Mwendesha mkokoteni wa pembeni alinyoosha mkono tu.

"Nigawie kidogo."

Baba akamgawia.

Koko alifia Kibombo bila kuiona siku hiyo. Baba alizeeka akiwapaka jivu wanyama wake wote, hata mbuzi, na watu walimsifu kwa kushika desturi za wazee. Kila waliposema hivyo mbele yangu, niliinamisha uso. Jivu alilirudisha nyumbani kwetu. Mama yake hakumrudisha.